Picha za saa sita mchana: Thimlich Ohinga jinsi macho hayaioni

Kila mpiga picha atakuambia kitu kimoja: saa sita mchana weka kamera ulale. Jua liko utosini, vivuli ni vibaya, picha inatoka imechomeka. Mimi saa hiyo ndiyo natoka nyumbani. Natafuta mwanga ambao macho yetu hayauoni, unaitwa infraredi, na jua kali ndilo linaumwaga kwa wingi.

Majuzi nilienda Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Nilipanda boda, begi la kamera kifuani, vumbi mpaka kwenye meno.

Kama hujawahi kufika, hizi ni kuta za mawe zilizojengwa pengine karne ya 16, bila simiti wala udongo wa kushikilia. Mahali pengine zinazidi mita nne kwenda juu. UNESCO iliziweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018.

Sasa, kwa nini infraredi? Majani mabichi huirudisha miale hiyo kwa wingi, kwa hivyo kwenye picha hutoka meupe, kama yamemwagiwa unga. Anga safi na maji hutoka meusi. Mawe hubaki kijivu. Mmarekani Robert Wood alichapisha picha za aina hii mwaka 1910. Karibu na kwetu, Richard Mosse wa Ireland alitumia filamu ya infraredi mashariki mwa Kongo, filamu iliyotengenezewa jeshi ili kufichua waliojificha msituni. Vilima vya Kivu vikatoka rangi ya waridi, na mwaka 2013 kazi hiyo ikaonyeshwa Venice.

Usiogope, huhitaji mamilioni. Elekeza rimoti ya TV kwenye kamera yako, bonyeza, utazame skrini. Ukiona nukta ya zambarau, kamera yako inapitisha infraredi kiasi. Tafuta filta ya nanomita 720, ni nyeusi tititi. Simamisha kamera kwenye stendi, lenga kwanza, ndipo uifunge filta, maana ukishaifunga huoni kitu. Ziba tundu la lenzi mpaka f/8 hivi, kwa sababu infraredi hailengi pale pale mwanga wa kawaida unapolenga. Kisha acha kamera ifunguke sekunde 20 au 30. Upepo ukivuma, majani yanatoka kama pamba. Hiyo si kasoro, ndiyo raha yenyewe.

Nilirudi Homa Bay jioni na picha kumi na moja. Tisa zilikuwa takataka.

Hapa niseme ukweli. Nilikuwa nasomea ujenzi, karo ikakwama mwaka wa pili, nikatoka. Baba ni fundi wa mawe. Tangu siku hiyo, kila akiona kamera anauliza, "Hiyo nayo itakulisha?" Mimi hunyamaza, kwa sababu jibu sina.

Usiku huo alichungulia skrini bila kualikwa. Nikamweleza kwamba ukuta ule una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na tabaka la katikati linalozishikanisha. Akatikisa kichwa, hilo alilijua kwa mikono. Halafu akaweka kidole kwenye alama nyeupe katikati ya mawe ya kijivu. "Na hii?"

Kichaka, nikamwambia. Kwenye picha ya kawaida kilikuwa kimejificha, kivuli tu juu ya mawe. Kwenye infraredi kilikuwa kinang'aa kama taa.

"Mzizi wake uko ndani," akasema. "Ukuta usio na simiti, mzizi ukinenepa, jiwe linasogea. Likisogea moja, mengine yanalifuata."

Akavuta kiti. Tukazihesabu alama nyeupe pamoja, picha kwa picha, mpaka chaji ikaisha. Swali la kulishwa hakuliuliza. Asubuhi aliuliza lingine: nikienda tena, je, boda inabeba wawili?

Kwa hivyo Jumamosi tunaenda, na nitapiga ukuta ule ule kutoka pembe ile ile, ili mwaka ujao tujue kama ile nyeupe imeongezeka. Nawe una kuta zako, au mti, au kilima karibu na kwenu. Toka saa sita. Beba maji na kofia.