Uchovu Usioisha: Tezi ya Shingo, Vipimo Vyake, na Namna ya Kuongea na Daktari



Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya shida ambayo vikundi vingi vimekutana nayo bila kuijua jina. Kuna mwanakikundi ambaye amechoka kila siku. Anachelewa kufika kwenye shamba la kikundi, anasinzia mkutanoni, anasahau mchango wake. Mara ya kwanza anaonywa. Mara ya pili anapigwa faini. Mara ya tatu watu wanaanza kusema ni mvivu, ama ati amerogwa.

Hata sisi tulikosea hivyo. Katika kikundi kimoja tunachokitembelea kulikuwa na mama wa miaka 40 na kitu, mfanyakazi hodari wa kitalu cha miche. Baada ya kuzaa mtoto wake wa mwisho alianza kulegea. Alivaa sweta hata jua likiwaka. Alinenepa ingawa hakula sana, choo kikawa kigumu, ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito. Alienda zahanati mara nyingi. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akapewa tembe za kuongeza damu. Miaka miwili ikapita. Kikundi kilipotuuliza la kufanya, tulijibu kwamba sheria za kikundi zifuatwe na faini ilipwe. Jibu hilo linatuuma mpaka leo.

Mwishowe mhudumu wa afya ya jamii alimwuliza kama ameshawahi kupimwa tezi ya shingo. Hakuwa amepimwa. Alipotolewa damu katika hospitali ya kaunti, shida ikaonekana.

TEZI HII NI NINI?

Kila mtu ana tezi ndogo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyefungua mabawa, na madaktari huiita thairoidi. Hutengeneza homoni ambazo hupita ndani ya damu na kuuambia mwili ufanye kazi kwa kasi gani. Fikirieni jiko la makaa. Mlango wa hewa ukizibwa, moto hufifia na githeri haiivi. Ukiachwa wazi mno, makaa huisha upesi na chakula huungua.

Tezi ikifanya kazi pungufu, mtu huona dalili kama za yule mama: uchovu, baridi, kunenepa, choo kigumu, usahaulifu, na kwa wanawake pengine hedhi nzito. Tezi ikizidisha kazi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka ovyo, usingizi hupotea, na mtu hukonda hata kama anakula vizuri. Wengine hutokeza macho.

Tezi hii inahitaji madini ya iodini. Ikiyakosa kwa muda mrefu huweza kuvimba, na ndiyo rovu ambayo wengi huita goita. Kwa sababu hiyo sheria ya Kenya inataka chumvi ya kula itiwe iodini. Nunueni chumvi ya pakiti yenye alama hiyo, na mkebe ufunikwe vizuri, mbali na unyevu. Lakini msiongeze chumvi kwenye chakula mkidhani ni dawa. Watu wengi huugua tezi hata kama wanapata iodini ya kutosha, kwa sababu kinga ya mwili wao wenyewe imeigeukia tezi.

Jambo lingine la kukumbuka: mtu anaweza kuwa na rovu na homoni zake ziwe sawa, na mwingine akawa mgonjwa bila uvimbe wowote. Kutazama shingo peke yake hakutoshi. Lakini uvimbe ambao ni mgumu, unaokua haraka, au unaoleta shida ya kupumua, kumeza au kuongea, upelekwe hospitali bila kungoja.

KIPIMO NI KIPI?

Chini ya ubongo kuna tezi nyingine ndogo ambayo ni kama nyapara wa shamba. Akiona tezi ya shingo inazembea, hupaza sauti. Sauti hiyo ndiyo homoni iitwayo TSH. Basi TSH ikiwa juu, mara nyingi maana yake ni kwamba tezi ya shingo inafanya kazi pungufu. TSH ikiwa chini sana, mara nyingi tezi imezidisha kazi.

Kwa kawaida daktari huanza na TSH. Ikionekana si sawa, hupima pia homoni ya tezi yenyewe, iitwayo T4. Kwa hiyo hakuna haja ya kuuza kuku ili kulipia orodha ndefu ya vipimo siku ya kwanza. Ombeni karatasi ya majibu, iwe na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, kwa sababu maabara hutofautiana. Ikiwezekana, kipimo cha kurudia kifanyiwe mahali pale pale. Na kama unameza tembe za kukuza nywele na kucha, sema mapema. Nyingi zina vitamini iitwayo bayotini ambayo huweza kupotosha majibu, na ni lazima uache kuzimeza siku kadhaa kabla ya kutolewa damu.

KABLA YA KUMWONA DAKTARI

Daktari ana foleni ndefu na dakika chache. Ukifika na maneno yaliyopangwa, utasaidiwa vizuri zaidi. Chukua ukurasa wa daftari uandike, au mwombe mtoto wa shule akuandikie:

1. Dalili zako, na kila moja ilianza lini.
2. Dawa zote unazotumia, pamoja na miti shamba, tembe za sokoni na mafuta ya kujipaka.
3. Kama una mimba au unatarajia kupata. Pia kama ulivuja damu nyingi sana ulipojifungua.
4. Watu wa ukoo wako wenye rovu au ugonjwa wa tezi.
5. Matibabu uliyokwisha kupata. Beba karatasi zote za zamani.

Enda na mtu unayemwamini. Masikio manne yanasikia kuliko mawili.

Wengi wetu huogopa kumwuliza daktari, tukidhani ni utovu wa adabu. Unaweza kuuliza kwa heshima. Yule mama alisema hivi: "Daktari, nimetibiwa malaria na taifodi kwa miaka miwili na sijapata nafuu. Dalili zangu nimeziandika hapa. Je, inaweza kuwa tezi ya shingo?"

Daktari akamjibu: "Mama, uchovu unaletwa na mambo mengi."

"Ni kweli, daktari. Basi naomba tupime damu na hiyo TSH pamoja, tujue ni lipi."

Daktari alikubali. Naye alikuwa amesema ukweli, kwa maana upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, mimba na hata huzuni nzito huleta uchovu. Kama TSH yako iko sawa, usikasirike wala usilazimishe kupewa dawa ya tezi. Uliza, "Sasa tuangalie nini kingine?"

Kabla ya kutoka chumbani, uliza mambo manne. Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa ni gani na kipimo chake ni ngapi? Nirudi kupimwa lini? Ni dalili gani ikinipata nirudi kabla ya siku hiyo?

DAWA NA NAMNA YA KUIMEZA

Tezi iliyopungukiwa hutibiwa kwa tembe za levothairoksini. Kipimo chake ni cha maikrogramu, si miligramu, kwa hiyo soma pakiti vizuri. Wazee na wenye ugonjwa wa moyo huanzishwa kidogo kidogo.

Meza asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai au uji. Tembe za kuongeza damu, za kalisi na za kiungulia zikae mbali nayo kwa saa 4, kwa sababu huizuia isiingie mwilini. Baada ya kuanza dawa, au kipimo kikibadilishwa, TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Usitegemee kupona kwa siku mbili.

Yule mama aliteleza mara mbili. Kwanza alimeza dawa kwa chai ya maziwa pamoja na tembe za damu, na TSH haikushuka. Aliporekebisha hilo akapata nguvu. Miezi minne baadaye akasema amepona, akaacha dawa ili pesa ziende kwa karo. Dalili zote zikarudi. Kwa wagonjwa wengi dawa hii ni ya maisha. Usiache na usiongeze mwenyewe, maana ikizidi hudhuru moyo na mifupa. Wala usimgawie jirani mwenye uvimbe.

Mama anayetumia dawa hii akipata mimba asiiache hata siku moja. Aende kliniki mara tu anapojua, kwa sababu mara nyingi kipimo huhitaji kuongezwa. Katika miezi ya kwanza ubongo wa mtoto hutegemea homoni za mama yake.

Tezi iliyozidisha kazi mara nyingi hutibiwa kwa kabimazoli. Wengine hupasuliwa, au hupewa iodini maalum katika hospitali kubwa. Anayetumia kabimazoli akipata homa au koo kuuma, aache kumeza na aende hospitali siku hiyo hiyo akapimwe damu. Dawa hiyo, mara chache, hushusha chembe nyeupe za damu, na hapo maambukizi madogo huweza kuua.

TEZI ZA JUU YA FIGO

Tumeambia daktari habari ya kuvuja damu wakati wa kujifungua kwa sababu ifuatayo. Juu ya kila figo kuna tezi nyingine, ziitwazo adrenali. Hutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa na majeraha. Zikishindwa, mtu huchoka, hukonda, hupata kizunguzungu akisimama, hutapika, pengine hutamani chumvi na ngozi yake huwa nyeusi kuliko kawaida. Daktari Mwingereza Thomas Addison aliueleza ugonjwa huo mwaka 1855, na hata leo kifua kikuu ni mojawapo ya vitu vinavyoharibu tezi hizo.

Sasa, mama akivuja damu nyingi sana anapojifungua, yule nyapara wa chini ya ubongo huweza kuumia. Maziwa hayatoki, hedhi hairudi, na tezi ya shingo pamoja na zile za figo hukosa amri. Hapo TSH peke yake hudanganya, kwa kuwa huweza kuonekana ya kawaida. T4 na kotisoli lazima zipimwe pia. Damu ya kotisoli hutolewa asubuhi, karibu saa 2 au saa 3. Isipoeleweka, mgonjwa hudungwa sindano ya kuziamsha tezi, kisha damu hutolewa tena baada ya nusu saa.

Kama kotisoli na homoni ya shingo zote zimepungua, dawa ya kotisoli hutangulia. Ukianza na ya shingo, mwili huharakisha kutumia kotisoli ile kidogo iliyobaki, na mgonjwa huweza kuzimia na kufa. Ndiyo maana hatutaki mtu ajinunulie dawa ya tezi kwenye kemisti.

Onyo lingine ni juu ya prednisoloni na deksamethasoni. Dawa hizi hufanana na kotisoli. Ukizitumia kwa wiki nyingi, tezi zako hulala, na ukiacha ghafla huweza kuanguka. Daktari hupunguza pole pole. Baadhi ya tembe za viungo au za kunenepesha zinazouzwa sokoni, na krimu za kung'arisha ngozi, huwa zimetiwa dawa za aina hii bila mnunuzi kuambiwa. Kama umezitumia, mwambie daktari bila aibu. Na aliyeandikiwa dawa ya kotisoli aulize mapema aongeze kiasi gani akipata homa. Akitapika na dawa haikai tumboni, akimbizwe hospitali akadungwe sindano.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mfuko wa dharura unaweza kumkopesha mwanachama pesa za kipimo cha kwanza. Ulizeni hospitalini mapema ni nini kinalipwa na SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF. Mwanachama akikubali, mwandishi wa kikundi aweke tarehe yake ya kurudi kupimwa, na habari hiyo iwe siri. Na katika sheria zenu ongezeni mstari mmoja: mtu aliyekuwa hodari akilegea, aulizwe habari ya afya kabla ya faini.

Kikundi cha yule mama kilimrudishia faini zake zote. Nasi tulienda kwake asubuhi moja kumwomba msamaha. Alitukaribisha, akatumiminia chai, lakini kikombe chake akakiacha kitupu. Alikuwa amemeza dawa sasa hivi, akasema, na saa moja haijaisha.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna mwenzetu tuliyemwita mvivu bila kumwuliza hali yake?
2. Ni dawa gani za sokoni zinazotumika hapa kwetu, na nani anajua ndani yake mna nini?
3. Tutamsaidiaje mwenzetu afike kwa daktari akiwa amejiandaa, na arudi siku aliyopangiwa?