Sentensi Iliyopanda Treni Likasi

Batoto bangu, shujaa wa hadithi ya leo si sungura wala fisi. Ni sentensi. Ina maneno matatu tu, na ilizaliwa Kikula, hapa Likasi, saa ya chakula cha mchana, mdomoni mwa dada mkubwa aliyekuwa anamjibu mama yake: Mutoto alikula bukari.

Mtoto wa Dar es Salaam angesema ugali, wa Lusaka angesema nshima. Unga, maji ya moto na mkono wenye nguvu ni vilevile. Basi sentensi yetu ikatamani kuiona dunia, na kwa kuwa mji wetu ni mji wa reli, njia haikukosekana. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910 ikitokea kusini, wakati huo mji ukiitwa Elisabethville. Ikasogea hadi kwetu, mwaka 1918 ikafika Bukama, na mwaka 1931 ikaunganishwa na ile inayoshuka hadi baharini, Lobito, kule Angola.

Kabla treni haijapiga honi, jueni jambo moja. Kila lugha ina zamu wake, mlinzi wa getini. Zamu huyo hakukatazi kusema unalotaka. Anakuuliza maswali tu, na usipoyajibu hupiti. Maswali hayo ndiyo sarufi. Najua shuleni mmezoea kuiona kama orodha ya makosa yanayosubiri kalamu nyekundu, lakini hiyo ni sehemu yake ndogo, tena inayochosha.

Zamu wa Kiswahili aliuliza nini pale Kikula? Tazameni neno alikula. Aliuliza: nani? Akajibiwa kwa a-, yaani mtu mmoja anayesemwa. Akauliza: lini? Akajibiwa kwa -li-, yaani imekwisha kupita. Hakuuliza kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Mama anajua, jirani anajua, mgeni hajui, na Kiswahili hakijali.

Kituo cha kwanza hakikuwa mbali. Kilikuwa darasani, kwa Kifaransa, lugha rasmi ya nchi yetu. Sentensi ikajieleza: L'enfant a mangé du bukari. Zamu akaanza. Mtoto yupi, yule tunayemjua au mtoto fulani tu? Kama tunamjua, sema l'enfant. Kama hatumjui, sema un enfant. Na bukari, ameila yote iliyopo duniani au sehemu yake? Sehemu? Basi weka du. Halafu, utakapotaka kumtaja mtoto tena bila kurudia neno, utasema il au elle?

Hapo ndipo wengi wetu hukwama. Watoto wengi wa Likasi humwita dada yao il, na mwalimu hushika kichwa. Mimi nasema mtoto huyo si mzembe. Amelelewa kwa Kiswahili, na nyumbani anasikia Kiluba, Kisanga, Kilamba, Kibemba au Kilunda, na katika lugha hizo zote hakuna zamu anayeuliza jinsia. Ukiulizwa swali ambalo hujawahi kuulizwa tangu uzaliwe, nawe utababaika.

Tena Kifaransa hakiishii kwa watu. Meza, la table, imewekwa upande wa kike. Dawati la ofisini, le bureau, limewekwa upande wa kiume. Ukiuliza sababu, utaambiwa ndivyo ilivyo. Msicheke haraka, maana Mfaransa naye akija kwetu anashangaa. Kwa nini mti, mkono, moto na mwaka vinakaa ngeli moja? Mti una mizizi, moto unaunguza, mwaka hata haushikiki, lakini vyote huanza na m- na vikiwa vingi huchukua mi-: miti, mikono, mioto, miaka. Sisi hatuulizi jinsia, ila tunauliza ngeli, na hatuchoki kuuliza. Kiswahili cha vitabuni kinataka jibu hilo lirudiwe sentensi nzima: kitabu kile kizuri kimeanguka. Ki-, ki-, ki-, ki-. Aliyezipa ngeli namba ni Mjerumani Wilhelm Bleek, katika kitabu cha kulinganisha sarufi za lugha za kusini mwa Afrika, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1862. Hadi leo wataalamu wakisema ngeli ya 1 na ya 2, wanaanzia kwenye hesabu yake: muntu na bantu, mutoto na batoto.

Treni ikashuka kusini, ikavuka mpaka wa Zambia, ikaingia nchi ya Kibemba. Sentensi ikasema kwa kujiamini: imekwisha kupita, alikula. Zamu akatikisa kichwa. Imepita lini? Saa chache zilizopita? Leo, lakini mapema zaidi? Jana? Au kabla ya jana? Maana Kibemba, kama mtaalamu Talmy Givón alivyokieleza, kina wakati uliopita wa aina nne, na kitenzi lazima kichague mmoja. Wakati ujao nao una ngazi nne zinazotazamana na hizo: saa chache zijazo, baadaye leo, kesho, baada ya kesho. Kiswahili kinaweza kueleza hayo yote, bila shaka, kwa kuongeza jana au juzi. Tofauti ni kwamba Kiswahili kinakuruhusu unyamaze. Kibemba hakikuruhusu. Ningekuwa hakimu, ningetamani mashahidi wote waongee Kibemba.

Hapana, nimebadili mawazo. Ningetamani waongee Kituyuka.

Watuyuka ni watu wachache wanaoishi msituni, mpakani mwa Kolombia na Brazili, kwenye maji ya mto Vaupés. Huko zamu hatosheki na kujua ni nani aliyekula. Anauliza: wewe umejuaje? Kitenzi chao hupewa mwisho kulingana na jibu, na majibu yako matano. Nimeona kwa macho yangu. Sikuona, ila nimesikia kwa masikio, labda kijiko kikigonga sahani. Sikuona wala kusikia, ila nimekuta dalili: sahani tupu, vidole vyenye unga. Nimeambiwa na mtu. Au nakisia tu, kwa kuwa saa hizi huyo mtoto huwa anakula. Dada wa Kikula alisema sentensi yake bila kueleza alijuaje. Kwa Kituyuka asingeweza hata kuimaliza. Msidhani jambo hili ni la msituni tu. Mturuki naye huchagua: yedi, amekula na ninajua, yemiş, amekula, ndivyo nilivyosikia au ndivyo inavyoonekana.

Kwa Kiswahili, Kifaransa na Kibemba maneno matatu ya sentensi yetu yalikuwa yamekaa kwa mpangilio uleule: mtendaji, kitendo, kitendwa. Ilipovuka bahari kwenda Madagaska mpangilio ukavurugika. Huko chakula ni wali, kwa hiyo tuseme wali: Nihinana vary ny zaza. Neno kwa neno: alikula wali mtoto. Ilipofika Japani kitenzi kikasukumwa mwisho: mtoto bukari alikula. Kwa Wamaasai, jirani zetu wa Kenya na Tanzania, kitenzi kinatangulia: alikula mtoto bukari.

Kulikuwa na Mmarekani mmoja, Joseph Greenberg, aliyetaka kujua kama vurugu hii ina utaratibu. Akakusanya lugha 30 kutoka pande zote za dunia, Kiswahili na Kimaasai zikiwemo, akazilinganisha, na mwaka 1963 akachapisha kanuni 45. Kanuni ya kwanza inasema kwamba katika sentensi za kawaida mtendaji humtangulia mtendwa karibu kila mahali. Lishikeni hilo neno karibu. Madagaska mmeshaona mtoto akija nyuma ya wali wake. Na katika Brazili kuna lugha ya Hixkaryana ambayo hupanga hivi: bukari alikula mtoto. Kwa masikio yetu bukari ndiyo iliyomla mtoto, na kilio kinaanza. Kwao ni habari ya kawaida ya mezani. Kanuni nyingine ya Greenberg inanifurahisha zaidi, kwa sababu hakuna mtu angeibuni akiwa amekaa nyumbani: lugha ambazo kitenzi hutangulia sentensi, kama Kimaasai, huweka maneno ya aina ya katika mbele ya nomino. Zile ambazo kitenzi huja mwisho, kama Kijapani, kwa kawaida huyaweka nyuma yake. Vitu viwili vinavyoonekana havijuani, kumbe vinatembea pamoja.

Sentensi yetu sasa ilikuwa njiani kurudi, lakini Uchina haikuhitaji kwenda, kwa sababu Wachina wako hapahapa Katanga, kwenye migodi ya shaba na kobalti. Zamu wa Kichina aliishangaza kwa ukimya wake. Kitenzi cha kula ni chī, basi. Mimi chī, wewe chī, watoto mia chī; hakibadiliki. Ukitaka kuonyesha kwamba kazi imekwisha, unaongeza kineno le. Sentensi ikafikiri imepata lugha ya mteremko. Ndipo ikajaribu kuhesabu. Huwezi kusema vitabu vitatu kwa Kichina kabla hujaulizwa: vina umbo gani, ni kundi gani? Kitabu huhesabiwa kwa kutia neno běn katikati. Karatasi, meza na kitanda, vitu vyenye uso bapa, huchukua zhāng. Samaki, mto na barabara, vitu virefu, huchukua tiáo. Mkilitazama vizuri, hili si geni kwetu. Mchina na Mluba wote wawili wamevigawa vitu vya dunia katika makundi, ila mmoja anauliza kundi wakati wa kuhesabu tu, mwingine anauliza kila anapofungua mdomo.

Treni ikasimama Likasi. Na hapa nina ugomvi kidogo, maana kuna watu wazima, wengine wana diploma, wanaosema Kiswahili chetu hakina sarufi.

Kiswahili kilikuja huku na misafara. Wanyamwezi wa mfalme Msiri walijenga makao yao Bunkeya na kufanya biashara na pwani hadi Msiri alipouawa Desemba 1891. Kisha kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na kambi zake zikajaa watu wa lugha mbalimbali: Waluba, Wabemba, Walamba, Walunda, watu wa Kasai, baadaye na wa Ruanda-Urundi. Walipokutana katika kiwanda kimoja, kila mmoja alikuja na zamu wake. Baadhi ya maswali yakafutwa. Vitabuni ni kitabu changu, nyumba yangu, kiti cha mwalimu. Kwetu ni kitabu yangu, nyumba yangu, kiti ya mwalimu. Hiyo ya imebeba mzigo wa ngeli nyingi. Ndiyo, hapo tumepunguza, na sioni aibu.

Lakini kuna tulipoongeza, na haya wenye diploma hawayataji. Vitabuni husemwa nyumbani na sokoni, kwa -ni ya mwisho. Sisi tunasema mu nyumba na ku soko, kama Mbemba na Mluba, na mu- hiyo na ku- hiyo ni za kale kabisa katika ukoo wa lugha zetu. Wingi wetu ni batoto na bintu. Kitu kidogo tunakipa ka-, vingi tu-: katoto, tutoto. Na kuna -aka. Alikula ni alikula, labda jana. Alikulaka inaipeleka kazi nyuma zaidi, kwenye zamani au kwenye mazoea yaliyopita, na Kilingala nacho kina -aka yake ya mazoea. Kiswahili cha vitabuni lazima kizunguke na kusema alikuwa akila. Sisi swali hilo tunalijibu kwa silabi mbili. Sarufi ya Kiswahili cha Lubumbashi, ndugu mkubwa wa chetu, imeandikwa na Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, na ilichapishwa mwaka 2014. Kitu kisicho na sarufi hakiandikiwi kitabu cha sarufi.

Na zamu wetu bado yuko kazini. Sikilizeni vijana wanavyochanganya Kifaransa: banadécider kwenda ku Lubumbashi, tulicommencer kazi. Kwa Wafaransa kitenzi hicho kingebadilika kila mara, nous décidons, vous décidez, ils décident. Kikiingia kwetu kinaacha mavazi yake yote getini. Nani, lini, wangapi: majibu yote yanatolewa na ba- na -na-, na tu- na -li-. Mkiwa kwenye basi kesho, vihesabuni vitenzi vya Kifaransa mtakavyosikia ndani ya Kiswahili, na mkikuta hata kimoja kilichobadilisha mwisho wake kufuata mtendaji, niandikieni. Namtafuta huyo msemaji.