Ukurasa Uandikwao Kila Uombwapo

Watu wengi wafunguapo tovuti hudhani kuwa ukurasa wanaousoma ulikuwako tangu zamani mahali fulani, umekwisha andikwa na kukamilika, ukimngoja mtu wa kuufunua. Na dhana hiyo ilikuwa sahihi katika mwaka 1991, pale Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na mji wa Geneva, alipoutangazia umma uvumbuzi wake wa wavuti, kwa kuwa seva ya siku zile ilikuwa ikitoa faili lililohifadhiwa na kulipeleka kwa aliyeliomba, bila ya kuongeza wala kupunguza herufi. Leo kurasa za magazeti, za maduka, na za Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003, aghalabu hutungwa na programu kutokana na habari zilizowekwa katika hifadhidata, na ndiyo sababu neno lililosahihishwa na mhariri aliye Tanga huweza kusomwa Muscat baada ya kitambo kidogo tu.

Mtu aandikapo anwani katika kivinjari chake, ombi husafiri hadi kwenye seva, nayo seva huiamsha programu, nayo programu ikaiendea hifadhidata ikauliza kinachotakiwa, ikapokea jibu, ikalipanga katika HTML, lugha ya kuandikia kurasa, na kulirudisha kwa msomaji, mfano wa karani mwaminifu wa forodhani ambaye hatoi daftari lake nje ya dirisha, bali husikiliza haja ya mtu, akaingia ndani, akanakili katika karatasi kile tu kimpasacho muulizaji. Msomaji haioni kamwe programu yenyewe. Mwanafunzi aliyezoea kupamba kurasa hutaabika hapa, kwa maana kosa lake sasa limetokea katika upande asiouona, na hana budi kujifunza kusoma kumbukumbu za makosa ambazo seva huziandika. Stadi hiyo naiona bora kuliko kukariri amri mia.

Lugha zitumikazo upande wa seva ni nyingi, lakini iliyowafungulia mlango watu wasio na mali ni PHP. Rasmus Lerdorf, aliyezaliwa Greenland, aliianza mwaka 1994 kwa haja ndogo kabisa, nayo ni kujua ni nani waliokuwa wakiutazama wasifu wake wa kazi katika intaneti; mwezi wa Juni 1995 akaitoa kwa umma bila ya malipo. Mwaka huo huo, huko Sweden, Michael Widenius na wenzake walitoa toleo la kwanza la hifadhidata ya MySQL, ambayo sehemu ya kwanza ya jina lake ni jina la binti wa Widenius, My. Viwili hivi vilipokutana, kijana yeyote mwenye kompyuta aliweza kujenga tovuti yenye uhai bila ya kuomba idhini kwa tajiri. Hata sasa, furushi la XAMPP huweka seva, PHP na hifadhidata katika kompyuta moja, likafanya kazi pasipo intaneti, na kwa mwanafunzi anunuaye bando kwa kujinyima hili ni jambo kubwa.

Afrika Mashariki imekwisha shuhudia manufaa ya elimu hii. Mwezi wa Januari 2008, Kenya ilipokuwa katika machafuko baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walisimamisha tovuti ya Ushahidi, ambamo raia walipeleka taarifa za yale waliyoyaona, na kila taarifa ikaonyeshwa mahali pake katika ramani. Baadaye programu ya tovuti hiyo ilitolewa bure kwa walimwengu, ikiwa imeandikwa kwa PHP, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Wanaoanza hukimbilia lugha ya programu kwa pupa na kuiacha hifadhidata kuwa jambo la mwisho. Nami naamini kuwa utaratibu huo umepinduka. E. F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi IBM, alieleza mwaka 1970 kuwa habari zipangwe katika majedwali yenye kuhusiana, na fikira hiyo ndiyo inayotawala hadi leo. Chukua maktaba ya shule. Asiyejua ataandika katika jedwali moja jina la mwanafunzi, darasa lake na kitabu alichoazima, akilirudia jina na darasa kila mara, hata siku mwanafunzi huyo ahamapo darasa, mistari ishirini itahitaji kusahihishwa na mmoja utasahauliwa. Ajuaye atafanya majedwali matatu, la wanafunzi, la vitabu na la maazimo, na hilo la tatu litashika namba tu za mwanafunzi na kitabu, pamoja na tarehe. Kazi hii yafaa ifanywe kwa kalamu na karatasi kabla ya kompyuta kuwashwa.

Sasa naja penye uzito wa maneno yangu. Katika SQL, lugha inayotumiwa kuuliza hifadhidata, maneno ya kawaida huzungukwa na alama ya ritifaa, na sisi tuna majina kama Wang'ombe na Nyong'o. Mwanafunzi akiunga jina la Wang'ombe moja kwa moja katika amri yake, hifadhidata itadhani jina limekwisha penye "Wang", na yaliyobaki itayasoma kuwa ni amri, ikashindwa. Wengi hulitibu kosa hilo kwa kukataza ritifaa, ambako ni kumnyima mtu jina lake, ilhali kosa ni alama ya hatari kubwa zaidi: ikiwa jina la mtu mwema laweza kuivunja amri, mwovu naye aweza kuandika katika nafasi ya jina maneno ya kufuta jedwali zima au kutoa siri za watu. Dawa yake yajulikana, nayo ni kuitayarisha amri kwanza, ikiwa na nafasi tupu, kisha kupeleka jina mbali na amri, hata lisiweze kudhaniwa kuwa ni sehemu yake. Katika PHP kazi hii huweza kufanywa kwa nyenzo iitwayo PDO. Hali kadhalika nywila za watu haziwekwi kamwe kama zilivyoandikwa, bali hugeuzwa kwa amri ya password_hash, iliyoingizwa katika PHP mwaka 2013, zikawa alama ambazo hata mwenye tovuti hawezi kuzisoma. Habari za watu ni amana, na asiyeweza kuilinda amana asiipokee.

Mafunzo mengi yanayozagaa bado hufundisha amri za zamani zinazoanza kwa mysql_, ambazo ziliondolewa katika PHP 7 mwaka 2015. Kwa hiyo msomaji na atazame tarehe ya somo kabla ya kulifuata, na mwalimu wa kompyuta namsihi afundishe njia ya salama tangu siku ya kwanza, wala asiseme kuwa usalama utakuja baadaye.