Umugani: Ngano au Methali?

Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi hukariri tanzu zake kama orodha. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989, alitaja sita: mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Aghalabu husahaulika kwamba alitumia vigezo viwili: umbile na tabia ya kazi yenyewe, pamoja na muktadha na namna inavyowasilishwa.

Hapa kwetu Rwanda umuhimu wa vigezo hivyo huonekana wazi. Neno la Kinyarwanda umugani hutaja ngano ndefu, kama zile za sungura Bakame, na vilevile methali. Katika uainishaji wa Mulokozi, ngano imo katika masimulizi, methali imo katika semi. Anayetafsiri jina tu atakosea.

Anayechunguza uwasilishaji hatakosea. Ngano ina visa, wahusika na fanani anayeisimulia mbele ya hadhira. Methali hutokea katikati ya mazungumzo, nayo mazungumzo yakaendelea. Vitendawili, yaani ibisakuzo, vina kianzio chake: “Sakwe sakwe!” hujibiwa “Soma!”, kama “Kitendawili!” inavyojibiwa “Tega!”

Hivyo basi, mwalimu awatume wanafunzi kukusanya imigani kwa wazee wao, na kila mmoja aandike nani alisema, kwa nani, wapi na katika tukio gani, ndipo waainishe. Mzee akishafariki, maswali hayo hayana wa kuyajibu, na matini iliyobaki daftarini haitatuonyesha tena jinsi ilivyotumika.