Ndugu Akiwa Ndani: Namna ya Kutompoteza

Habari ikifika kwamba kijana wenu amekamatwa, watu wa nyumbani huanza kuulizana amefanya nini. Swali hilo lina mahali pake, nalo litajibiwa mahakamani, tena polepole. La haraka ni hili: leo usiku analala wapi? Kwa familia iliyoko Kilimarondo au Mbekenyera, jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kama kesho asubuhi mtu atapanda bodaboda kwenda Nachingwea mjini, ataelekea Ruangwa, au itabidi itafutwe nauli ya kufika Lindi.

Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi huona kumfuatilia mtu aliye ndani ni huruma tu, jambo la mama na wifi kubeba ugali kwenye hotpoti. Huruma imo, lakini kuna zaidi. Aliye ndani hawezi kutafuta mdhamini, hawezi kwenda kwa karani kuulizia tarehe, hawezi kufuata nakala ya hukumu. Mambo hayo hufanywa na aliye nje. Mtu asiye na wa kumfuata hukaa rumande kwa kosa ambalo mwenzake aliyeshtakiwa siku hiyo hiyo alishapewa dhamana akarudi shambani.

Mwanzo wa safari ni kituo cha polisi. Nenda kaunta, taja majina yake yote matatu na la utani kama analo, maana askari huandika jina walilotajiwa. Uliza anatuhumiwa kwa kosa gani, mpelelezi wa jalada lake ni nani, na atafikishwa mahakamani lini. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mara iwezekanavyo baada ya hapo, na inampa haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki akiomba. Kwa hiyo unapouliza kwa adabu, huombi fadhila. Dhamana ya polisi nayo haiuzwi. Atakayekudai pesa ili ndugu yako atolewe, mfikishe kwa mkuu wa kituo au TAKUKURU.

Akiwa bado kituoni, chakula hutegemea sana familia. Peleka mapema, na usishangae ukiambiwa uonje kwanza. Kama anatumia dawa za kila siku, ziwe za kisukari, za presha au za kufubaza virusi, huo ndio mzigo wa kwanza kuubeba kabla hata ya shuka. Peleka na kadi ya kliniki, mwambie askari wa zamu waziwazi kuwa dozi haipaswi kukatika, na umwombe aandike. Watu huficha ugonjwa kwa aibu, na mgonjwa ndiye anayeumia.

Akifikishwa mahakamani, mambo hubadilika. Sasa kuna namba ya kesi. Iandike kwenye daftari, iandike na kwenye simu, mpe na mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu kuanzia hapo namba hiyo itafungua milango mingi kuliko jina. Hakimu akitoa masharti ya dhamana na yasipotimizwa siku ile, au kosa likiwa ni miongoni mwa yasiyo na dhamana, kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha, mshtakiwa atapelekwa gerezani akiwa mahabusu. Usiondoke mahakamani bila kumuuliza karani ni gereza gani. Nachingwea ina gereza lake, lakini usidhani tu. Mtu aliyesomewa shtaka Ruangwa anaweza kulala wilaya nyingine, na kutoka Ruangwa hadi Nachingwea peke yake ni mwendo wa yapata kilomita 50. Wakati wa masika, kwa anayetoka kijijini ndani, siku nzima inaweza kuishia njiani.

Hapa kwetu kusini kuna jambo ambalo maofisa waliotoka mikoa mingine huchelewa kulielewa. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, mwenye dhamana ya mtoto mara nyingi ni mjomba, kaka wa mama yake. Yeye ndiye anayeitwa kukiwa na kesi, ndiye anayelipa, ndiye anayesimama mbele ya watu. Lakini jina la mjomba halifanani na la mpwa. Akifika mahakamani kumdhamini, au langoni kwa gereza kumtembelea, anaulizwa, "Wewe ni nani wake?", na vitambulisho vyao havisemi kitu. Dawa yake ni barua ya mtendaji wa kijiji inayotaja undugu huo kwa maneno kamili, pamoja na kitambulisho cha taifa. Barua hiyo hiyo, ikitaja makazi na mali anayoijua mtendaji, ndiyo itakayosaidia kwenye dhamana. Iombeni mapema, siku ya kwanza, kabla mtendaji hajasafiri kwenda kikaoni.

Mahabusu hurudishwa mahakamani mara kwa mara. Sheria hairuhusu kesi ya aliye rumande iahirishwe kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja, na ndiyo maana mtasikia kila wiki mbili kesi "inatajwa". Siku ya kutajwa ina faida ambayo familia nyingi huiacha ipite. Hata kama hakuna shahidi atakayesikilizwa, ndugu yako atakuona umekaa kwenye benchi, hakimu ataona kwamba mshtakiwa ana watu, na wewe utasikia kwa masikio yako kilichoahirishwa na kwa nini. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, kwa hiyo si lazima tena kumtegemea mtu wa kukutafsiria. Ila msimkimbilie akishuka kwenye karandinga wala kumrushia kitu. Mwombeni askari anayemsindikiza. Na siku hizi kesi nyingine husikilizwa kwa njia ya video mshtakiwa akiwa gerezani, basi ulizeni kwanza kabla ya kuchoma nauli.

Gerezani kwenyewe, siku za kutembelea hupangwa na mkuu wa gereza. Mazoea ya magereza mengi nchini ni mwisho wa wiki, ila kabla ya safari ya mbali uliza, kwa sababu mahabusu na mfungwa hawana utaratibu mmoja. Mahabusu bado hajahukumiwa. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike, na sheria ya magereza ya mwaka 1967 inampa nafasi pana zaidi, ikiwamo kupokea chakula na nguo kutoka kwa watu wake kwa ruhusa ya gereza. Langoni utaandikishwa, utakaguliwa, mzigo utafunguliwa. Sabuni, mswaki, dawa ya meno, kandambili, nguo za ndani na taulo za kike kwa wanawake huwa na kazi kubwa kuliko mapochopocho. Simu, sigara, pombe na wembe viache nyumbani. Fedha usimpe mkononi. Ikabidhi ofisini iandikwe kwa jina lake. Kumpenyezea kitu ndani kwa siri ni kosa la jinai, na siku hiyo familia itakuwa na kesi mbili.

Dakika mlizopewa ni chache na askari yupo karibu. Kwa hiyo msizitumie kuzungumzia ushahidi. Nani alikuwepo, nani aliona, kipi kifichwe: hayo ni ya wakili, ambaye sheria inamwezesha kuzungumza na mteja wake bila kusikilizwa. Ya familia ni mengine, nayo ni mazito. Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, mtu akiingia ndani Mei au Juni, mikorosho yake inataka salfa. Nani atapuliza, kwa fedha ipi? Akiwa bado ndani Oktoba, korosho zinaanguka, na mzigo unapokelewa kwenye chama cha msingi, AMCOS, kwa jina na namba ya mkulima. Mnada ukifanyika chini ya RUNALI, ushirika unaobeba majina ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, malipo huingia kwenye akaunti ya benki yenye jina la aliye gerezani. Hapo ndipo mke na watoto hubaki wanatazama fedha yao wasiweze kuigusa, au ndugu mwenye tamaa huuza mzigo kwa jina lake mwenyewe na ugomvi huanza. Njia ipo: mahabusu au mfungwa anaweza kusaini hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kushughulikia mali yake, mbele ya wakili au kamishna wa viapo, kwa kibali cha mkuu wa gereza. Kalizungumzeni hilo siku ya kwanza ya kutembeleana, kabla ya msimu.

Asiyeweza kusafiri aandike barua. Watu wameiacha barua kwa sababu ya simu, lakini gerezani barua bado ina thamani yake. Andika jina lake kamili, namba yake ya gereza kama unaijua, na anwani ya gereza. Ofisa ataisoma kabla haijamfikia, basi andika ukijua hivyo. Mweleze mtoto yuko darasa la ngapi, nani ameoa, mvua imenyeshaje, tarehe ya kesi ni lini na nani atakuja. Mzazi asiyejua kuandika amtume mjukuu aandike, yeye akisema. Barua moja kila mwezi, fupi, inatosha.

Nelson Mandela alipopelekwa Robben Island mwaka 1964 aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila miezi sita. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopitisha mwaka 2015 kanuni za kuwatendea wafungwa zinazobeba jina lake, ziliweka wazi kwamba mfungwa awasiliane na familia yake mara kwa mara kwa barua na kwa kutembelewa, kwamba awekwe karibu na nyumbani kadiri inavyowezekana, na kwamba apewe nafasi ya kuwaarifu ndugu mara moja anapofungwa au anapohamishwa. Huko Marekani, bibi mmoja kipofu, Martha Wright, alipigania kwa miaka mingi gharama za kuzungumza kwa simu na mjukuu wake aliyefungwa. Sheria ya kupunguza gharama hizo, yenye jina lake, ilisainiwa mwaka 2023 yeye akiwa amekwisha kufariki. Kwetu gharama ni nauli na siku ya shamba iliyopotea, lakini mzigo ni ule ule, na kwa kawaida huangukia kichwani kwa mwanamke.

Kuhusu uhamisho nataka nikae kidogo, kwa sababu ndiko watu wanakopotezana. Aliyehukumiwa anaweza kuhamishwa kwenda gereza la mkoa au gereza la kilimo, na mliyemwona mwezi uliopita mkaambiwa hayupo. Msirudi nyumbani hivyo hivyo. Ombeni kuonana na mkuu wa gereza, ulizeni amepelekwa gereza gani na tarehe gani. Kumbukumbu zipo. Wenyeji wa Nachingwea wana sababu ya kulijali hili. Katika kambi ya Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliyokuwa hapa, tarehe 12 Mei 1975, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama hicho, alilazimishwa kusoma maungamo mbele ya umati. Miongoni mwa waliozuiliwa pamoja naye walikuwamo Joana Simeão na Lázaro Nkavandame, Mmakonde mwenzetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Baadaye walipelekwa Niassa, Msumbiji, na wakauawa, na familia zao hazikuarifiwa ni siku gani wala kukabidhiwa miili. Watoto wao walikua hawajui. Gereza la leo si kambi ile, na ofisa wa leo ana rejista na sheria juu yake. Lakini kuuliza "amepelekwa wapi" na kukaa mpaka ujibiwe ni haki ambayo watu wengine walinyimwa papa hapa.

Na jihadharini na simu za ghafla. Ukipigiwa na mtu anayejiita askari magereza akisema ndugu yako amezidiwa, tuma fedha kwa namba hii, usitume. Nenda, au mtume aliye karibu akaulize ofisini.

Ikitoka hukumu na hamkuridhika, muda unaanza kukimbia. Kwa hukumu ya mahakama ya wilaya, notisi ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu. Mfungwa anaweza kuwasilisha vyote kupitia kwa mkuu wa gereza. Kazi yenu nje ni kumsumbua karani kwa heshima mpaka nakala zitoke. Rufaa kutoka mikoa ya Lindi na Mtwara huenda Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara. Asiye na fedha ya wakili atafute wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inataka hata aliye kizuizini afikiwe na huduma hiyo, kwa hiyo ulizeni gerezani na ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya.

Mwisho, ulizeni tarehe ya kutoka mapema. Mfungwa mwenye tabia njema, isipokuwa wa maisha, kwa kawaida hupunguziwa theluthi moja ya kifungo: aliyepewa miaka 3 hutazamiwa kutoka baada ya 2. Familia nyingi huhesabu miaka yote, na mtu wao anatoka langoni hakuna aliyekuja. Mkishaipata tarehe, pelekeni nguo zinazomwenea sasa, maana mwili wake huenda umebadilika, na mjomba awe na nauli ya watu wawili.