Je, Wajua? Besi Kubwa, Mbao na Mvua za Uluguru

Besi kubwa ni ile inayopigwa kwa kusimama, ndefu kuliko mpigaji wake. Vitabu vya mafundi wake vimejaa habari za mbao na unyevu, mambo ambayo Morogoro inayafahamu vizuri.

1. Je, wajua kwamba anayepiga gitaa la besi tayari anazijua nyuzi za besi kubwa? Ni E, A, D na G, kuanzia nene hadi nyembamba. Kampuni ya Fender ilipotoa gitaa lake la besi mwaka 1951, ilifuata mpangilio huo huo. Mpigaji aliyekulia kwenye nyimbo za bendi za Morogoro Jazz au Cuban Marimba ya Salum Abdallah ataanza na mtaji mkononi.

2. Je, wajua kwamba besi kubwa ina makazi ya siku nyingi Unguja? Katika Culture Musical Club, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1958, husikika pamoja na fidla, udi, kanuni na akordioni.

3. Je, wajua kwamba daraja linalobeba nyuzi halikugandishwa kwa gundi? Linashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Nyuzi nne zikikazwa, jumla ya mvuto wake huzidi kilo 100.

4. Je, wajua kwamba ndani ya tumbo la besi kuna nguzo iliyosimama bila gundi wala msumari? Ni kipande cha mbao cha mviringo, unene wake takriban milimita 18, kilichobanwa kati ya kifua na mgongo, karibu na mguu wa daraja ulio upande wa uzi wa G. Ukiisogeza kidogo tu, sauti hubadilika.

5. Je, wajua kwa nini mafundi hukataza kufungua nyuzi zote kwa mpigo? Mkandamizo ukiondoka, daraja linalala na nguzo inaweza kuanguka. Badilisha uzi mmoja mmoja.

6. Je, wajua kwamba gundi bora ya besi ni ile inayokubali kuachia? Gundi ya ngozi za wanyama hulainika kwa joto na maji, hivyo fundi hufungua besi, hutengeneza ndani, kisha hufunga tena. Mbao zikivutana kwa hali ya hewa, kiungo huachia kabla mbao haijapasuka. Gundi nyeupe ya seremala haina huruma hiyo: inayopasuka ni mbao.

7. Je, wajua kwamba masika hupandisha nyuzi? Kifua cha besi hunyonya unyevu, huvimba na kuinua daraja. Nyuzi zinakuwa juu na vidole vinaumia. Kiangazi mambo hugeuka. Ndiyo maana madaraja mengi siku hizi huwekwa skrubu miguuni: unashusha wakati wa mvua, unapandisha wakati wa ukavu.

8. Je, wajua kwamba mji wa Morogoro hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, ilhali miteremko ya mashariki ya milima ya Uluguru huzidi 2,000? Kwa besi, kuvuka mlima ni kubadili nchi. Besi ya plaiwudi huvumilia zaidi, kwa sababu matabaka yake yamepishana na kila moja hulizuia jingine kutanuka.

9. Je, wajua kwamba mbao hutanuka kwa upana, lakini kwa urefu karibu haibadiliki? Kanuni hiyo imo katika vitabu vya mafundi wa besi na vya misitu vilevile. Mwanafunzi wa misitu pale chuo kikuu cha SUA, au mtafiti wa taasisi ya misitu ya TAFORI iliyo papo hapo Morogoro, ameshasoma nusu ya ufundi huu bila kugusa uzi.

10. Je, wajua kwamba mpingo ni jamaa wa maharage? Dalbergia melanoxylon ni wa jamii ya mikunde, na mbao yake nyeusi ni nzito hadi inazama majini. Mti wa ebony, ambao mbao yake hutumika sana kwa ubao wa vidole wa besi, ni wa jamii nyingine kabisa, katika jenasi ya Diospyros. Mpingo husafiri duniani zaidi kama klarineti na oboe.

11. Je, wajua kwamba tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo iko chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kulinda spishi zilizo hatarini? Mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika ziliondolewa katika masharti hayo.

12. Je, wajua kwamba mwanasheria aliandika kitabu cha ufundi wa fidla? Edward Heron-Allen alijifunza kwa fundi Georges Chanot mjini London, na kitabu chake kilitoka mwaka 1884. Kwa besi kubwa, Mmarekani Chuck Traeger aliandika kitabu kizima juu ya marekebisho na ukarabati wake.

13. Je, wajua kifaa cha kwanza cha kununua? Rula. Mwishoni mwa ubao wa vidole, uzi wa G wa chuma mara nyingi huwa milimita 5 hadi 7 juu ya ubao, na wa E milimita 8 hadi 10. Pima, andika na tarehe, pima tena masika yakiisha. Usiguse skrubu kabla ya kuandika.