Nyuzi mbili za besi, unene mmoja: mbona moja inauma vidole?

Chukua pakiti mbili za nyuzi za gitaa la besi, zote zimeandikwa .045 hadi .105. Zifunge kwenye gitaa lilelile, zityuni noti zilezile, halafu piga. Za kwanza zinakubali kidole kirahisi. Za pili, unaona kabisa unapigana nazo. Namba ni zilezile, sasa tofauti imetoka wapi?

Namba ile ni kipenyo tu, kwa inchi. Uzi wa .105 una unene wa milimita 2.67 hivi. Lakini mvutano haujali unene. Unajali urefu wa sehemu inayotetemeka (L), idadi ya mitetemo kwa sekunde (f), na uzito wa kila mita ya uzi (m):

T = m × (2 × L × f)²

Tujaribu. Besi nyingi zina urefu wa inchi 34, kipimo cha Fender Precision Bass ya 1951; hiyo ni mita 0.864. Uzi wa E hutetemeka mara 41.2 kwa sekunde. Tuseme una gramu 35 kwa mita, yaani kilo 0.035. Piga hesabu: unapata niutoni 177 hivi, sawa na kuning'iniza kilo 18, karibu ndoo nzima ya maji. Nyuzi zote nne kwa pamoja huvuta shingo ya gitaa kwa kilo 70 hadi 80.

Umeona ambacho hakipo kwenye kanuni? Hakuna stenlesi wala nikeli. Mtu akikwambia stenlesi "inakaza zaidi", muulize kwanza gramu kwa mita.

Hapo ndipo utengenezaji unapoingia. Uzi wa besi ni kiini cha chuma kilichozungushiwa waya. Waya ukiwa wa duara, kati ya mzunguko na mzunguko hubaki mifereji yenye hewa. Ukiwa utepe bapa, mifereji hiyo karibu yote inajaa chuma. Kwa hiyo kwa unene uleule, uzi bapa kwa kawaida ni mzito zaidi, na mvutano wake ni mkubwa zaidi. Uzi uliofunikwa nailoni ni kinyume: mnene kwa macho, ila nailoni ni nyepesi mno kuliko chuma.

Sawa, na kama uzito ni uleule? Bado vidole vinaweza kuhisi tofauti, na hili wengi hulipita. Kiini ndicho kinachobeba karibu mvutano wote. Waya wa nje kazi yake kubwa ni kuongeza uzito. Ukivuta uzi kwa kidole unaurefusha kidogo, na kiini kinene hukataa kurefuka, mvutano unapanda haraka. Kiini chembamba chenye waya mwingi nje hulegea zaidi mkononi, hata kama kwenye karatasi mvutano ni uleule. Wapigaji husema "mvutano" wakimaanisha vyote viwili, ndiyo maana mabishano hayaishi.

Kiini chenyewe huwa cha pembe sita au cha duara. Pembe hushika waya wa nje usiteleze. Cha duara hakina kona za kushikia, hivyo kunja uzi kwanza pale kwenye kigingi kabla hujaukata, la sivyo waya unafunguka na uzi unakufa sauti. Pakiti ya besi si bei ya karanga.

Ngozi ya uzi nayo ina lake. Bapa huteleza na sauti yake ni nzito, ya mviringo. James Jamerson wa Motown alizitumia. Za waya wa duara hukwaruza vidole na freti lakini zinang'aa, na John Entwistle wa The Who alishirikiana na Rotosound kuzitengeneza mwaka 1966.

Sasa jaribu lile ambalo wapigaji wengi wa nyuzi nne hutamani: kushusha E hadi B, mitetemo 30.9. Kwa sababu f imepigiwa mraba, kilo 18 zinabaki 10 tu. Uzi unapwaya na kugonga freti. Usilaumu pikapu. Tafuta uzi wa .130: uzito wake kwa mita ni karibu mara moja na nusu, na mvutano unarudi kwenye kilo 15 hivi. Ila pasua kwanza nafasi ya kutosha kwenye nati, na baada ya kufunga angalia kama shingo imejipinda.